Vibonzo Nilivyomchorea Salma

Nina miaka thelathini na minne, ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja hapa Bagamoyo. Ndugu wasomaji, nawaandikia na hasira bado haijaniisha!

Darasani kwangu alikuwapo Zuhura, binti anayechechemea tangu kuzaliwa. Wenzake walimcheka hadi akaacha kabisa kuzungumza. Nikamtungia kitabu cha vibonzo chenye watoto wa kila namna: asiyesikia, mwenye ualbino, na msichana anayechechemea, ambaye ndiye shujaa. Viduara vya maneno niliviacha wazi, wanafunzi wajaze wenyewe. Zuhura alijaza, akasimama, akasoma kwa sauti... Nililia mbele ya darasa zima.

Nilimwonyesha Salma, mwalimu mwenzangu, shoga yangu wa kula sahani moja. Akakiazima. Wakaguzi walipokuja, akawapa kitabu changu kikiwa na jina lake juu ya jalada! Akapewa ukuu wa idara nilioutamani miaka yote. Nilipomuuliza, alinijibu bila haya, "Shoga, picha tu hizo. Usinitie aibu mbele za watu."

Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako. Niliapa atanitambua.

Salma naye alikuwa akichechemea kidogo tangu alipoanguka na bodaboda. Basi nikachora hadithi mpya ya mwizi mwenye mtandio wa zambarau kama wake na mwendo uleule. Viduara nikaviacha wazi, nikagawa nakala darasani. Mimi sikuandika neno hata moja, kosa langu liko wapi? Watoto walimtambua papo hapo, wakajaza kila tusi la kilema wanalolijua. Salma alikuta nakala imebandikwa ukutani, akatoka analia. Nilifurahi, sifichi!

Lakini Zuhura naye alikuwa amekaa mlemle darasani... Jamani, hasira ilinipofusha kiasi gani? Aliyasoma yale matusi yote, akafunga begi, akaondoka. Hakurudi tena.

Nilimfuata kwao. Nilimwamkia mama yake, akanikaribisha vizuri, akamwita bintiye mara tatu. Zuhura hakutoka. Alisema akiwa chumbani, "Mwalimu, kumbe na wewe unatucheka."

Salma sijamsamehe, na sitaki kuwadanganya kwamba nitamsamehe. Lakini ndugu msomaji, ukidhulumiwa, dai haki yako mchana kweupe. Mwite mwizi kwa wizi wake, mguu wake uache! Salma bado ni mkuu wa idara, kila asubuhi ananipita mlangoni. Aliyebaki nyumbani ni Zuhura.