Mabenchi ya Matanga ya Owiti

Kila Jumamosi Nerima alimsaidia baba yake, Mzee Andati, kupanguza mabenchi ya mtaa wa Kaloleni. Yalihifadhiwa katika stoo kando ya ukumbi, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa mzee. Desturi ilijulikana: penye msiba mabenchi huenda, na hakuna anayeulizwa kabila wala chama.

Jumamosi hiyo Aoko, rafiki yake wa darasani, alikuja macho yamevimba. Kaka yake Owiti, mwanajeshi, alikuwa ameuawa vitani katika nchi ya mbali.

"Mzee, mama anaomba mabenchi ya matanga."

"Hivyo ni vita vya serikali yenu," alisema Andati, bila hata kutoa pole. "Ninyi ndio mliipigia kura. Basi chama chenu kiwaletee viti."

Nerima, aliyezoea kumeza maneno ya baba yake bila kuyatafuna, akadakia, "Si mlishangilia Owiti akienda vitani?"

Aoko aligeuka akaondoka. Haya ikamchoma Nerima. Alikumbuka kwamba chama cha baba yake kilipokuwa madarakani, Owiti alipelekwa kwenye vita hivyo hivyo mara ya kwanza. Aliyempungia bendera kwa vifijo kuliko wote alikuwa baba.

"Baba, wakati ule ulimwita shujaa. Vita ni vile vile. Ni nini kimebadilika?"

"Nyamaza! Siasa si ya watoto."

Si ya watoto, ila sumu yake hulishwa watoto kila siku mezani.

Jioni mvua ilinyesha. Nerima alichukua kigoda cha jikoni, akakimbia nacho kwa kina Aoko. Waombolezaji walikuwa wamesimama matopeni.

"Aoko, nisamehe. Nilisema upuzi."

Aoko alikipokea kigoda, akamkalisha nyanya yake. Kisha akaushika mkono wa Nerima.

Andati alimfuata bintiye kwa hasira ili amrudishe nyumbani. Alipofika, majirani wote walimgeukia kwa macho ya lawama, hata wale wa chama chake. Akageuka, akaenda kufungua stoo, na benchi la kwanza akalibeba mwenyewe.

Mama Owiti hakumshukuru. "Andati, risasi haikumwuliza mwanangu kadi ya chama. Ni wewe uliyemwuliza, tena akiwa maiti." Kisha akawageukia wasichana wale wawili. "Nanyi wanangu, mkisikia vita vinasifiwa au vinalaaniwa, msiulize ni vya chama gani. Ulizeni ni mtoto wa nani atakayekufa."

Andati alitafuta mahali pa kukaa. Mabenchi yalikuwa yamejaa, na hakuna aliyesogea ampishe.