Pikapu ya Denver na Daraja la Buluu

Sisi watu wa Ridgeley tuna daraja letu. Ni la chuma, limepakwa rangi ya buluu, na ukiwa ndani ya gari hujamaliza hata kukohoa umeshalivuka. Upande huu ni jimbo la West Virginia. Upande ule ni mji wa Cumberland, jimbo la Maryland. Mkate tunanunua kule. Meno tunang'oa kule. Wengine wameolewa kule, na bado tunawasalimia. Ukiishi hapa miaka mingi, unasahau kabisa kwamba hapo pana mpaka.

Mimi ni Arlene Twigg. Kwa miaka mingi nimefundisha darasa la usalama wa silaha pale kituo cha zimamoto. Nina mdomo, kila mtu anajua. Jirani yangu Wilda Kesner anajua kuliko wote, kwa sababu uzio wake na wangu ni mmoja.

Wilda alifiwa na mumewe, Denver, theluji ilipokuwa inayeyuka. Denver nilisoma naye. Nakumbuka Novemba zetu za shule. Msimu wa kuwinda kulungu ulipofika, wavulana walikuja shuleni na bunduki zikining'inia kwenye dirisha la nyuma la pikapu. Mwalimu mkuu alitoka nje kuzitazama. Akamsifu mwenye bunduki nzuri, kengele ikalia, sote tukaingia darasani. Denver siku zote alinukia mnanaa, kwa sababu ya pipi zake. Jamani, nazikumbuka siku zile mpaka kifua kinauma.

Sasa siku zile zimekwenda, na Denver naye amekwenda. Wilda aliuza gari lake dogo akabaki na pikapu ya mumewe. Hakugusa kitu ndani yake. Kofia ya Denver ilikaa palepale mbele ya kioo. Pipi za mnanaa zilikaa ndani ya droo ya dashibodi. Bastola yake nayo ilikuwa humo humo, lakini hilo mimi sikulijua. Nilidhani binti yao, Rhonda, aliitoa baada ya mazishi.

Rhonda anaishi Cumberland na anafanya kazi hospitalini. Kwa hiyo Jumatano na Ijumaa ni Wilda anayevuka daraja kumchukua mjukuu wake shuleni. Mjukuu anaitwa Josie. Ana miaka minane na maneno ya mtu wa sitini. Baada ya kufiwa, ni Josie tu aliyeweza kumchekesha Wilda.

Jumatano moja jioni Wilda alikuja jikoni kwangu bila kupiga hodi, kama kawaida yake. Nilikuwa nakaanga chapati za maji za unga wa mtama mweusi, zile mama zetu walikuwa wakipika msimu wa baridi.

"Shoga, leo nimekamatwa na askari!" alisema huku akicheka.

"Wewe? Umeiba nini?"

"Taa ya nyuma imeungua. Akanisimamisha karibu na shule, Josie yuko ndani. Kijana mzuri, mpole, anaita 'mama' kila baada ya neno. Akaomba leseni na kadi ya gari. Nikampa, akaniambia nibadilishe taa, akaniacha niende zangu."

"Kadi ya gari ilikuwa wapi?"

"Juu ya usukani, kwenye kile kibao cha kuzuia jua. Denver aliiweka hapo siku zote. Bahati nzuri, maana kwenye droo pamejaa. Kuna tochi, glavu, pipi, na ile bastola."

Mwiko ulinitoka mkononi.

"Bastola gani, Wilda?"

"Ya Denver. Kwani kuna nyingine?"

"Ina risasi?"

"Sijui. Nadhani. Denver hakuwa mtu wa kuweka kitu kisichofanya kazi."

Nilizima jiko. Nilivuta kiti nikakaa.

"Keti," nilimwambia. "Keti unisikilize. Yule askari angeiona, leo usiku ungelala rumande."

"Acha kunitisha! Hapa kila mtu ana bastola kwenye gari."

"Hapa, ndiyo. Hapa West Virginia mtu mzima wa miaka ishirini na moja na kuendelea, asiyekatazwa na sheria kumiliki silaha, anaweza kubeba bastola yake bila kibali. Lakini ukivuka daraja, uko Maryland. Maryland wana sheria yao. Kubeba bastola mwilini au kwenye gari, wanataka kibali chao wenyewe."

"Denver alikuwa na kibali! Kadi yake ninayo mpaka leo."

"Kile kilikuwa kibali cha West Virginia. Maryland hawakubali kibali cha jimbo lingine lolote. Halafu, mpenzi, kibali ni cha mtu. Hukirithi kama saa ya ukutani."

Wilda aliukunja uso. Namjua. Uso ule ndio alioufanya tangu utotoni akiambiwa hapana.

"Basi ningemwambia sikujua."

"Mwambie hakimu. Kutokujua hakukusaidii. Na si faini tu, mtu anaweza kufungwa. Ukipatikana na hatia, unaweza hata kuzuiwa usimiliki silaha tena. Na pale ulikuwa karibu na shule, ambapo sheria inabana zaidi. Sheria ya nchi nzima na ya jimbo, zote mbili. Unadhani Rhonda angekubali umchukue Josie baada ya hapo? Unadhani shule ingekuruhusu?"

Nilijua nimemgusa. Bila Josie, wiki ya Wilda ni ukuta na televisheni.

"Nitaifunga droo," alisema taratibu. "Ina ufunguo."

"Haitoshi. Iko sheria ya nchi nzima inayomruhusu msafiri kupita na silaha kwenye jimbo lenye masharti makali, ikiwa anatoka mahali anapoimiliki kihalali kwenda mahali pengine anapoimiliki kihalali. Lakini bastola iwe haina risasi, na silaha na risasi viwe mbali na mkono wake, kwenye buti. Kama gari halina buti, kama pikapu yako, vikae ndani ya kasha lililofungwa kwa kufuli. Na sheria imetaja wazi kwamba droo ya dashibodi haihesabiki. Hata ukiifunga kwa kufuli la benki. Halafu hiyo ni ya mtu anayepita. Wewe hupiti Maryland, unakwenda huko, unanunua mkate, unamchukua mtoto."

"Mbona umekariri hivyo?"

"Ndiyo kazi yangu. Na hata mimi sijiamini. Kabla ya kwenda jimbo lolote napiga simu polisi wa jimbo hilo na kuuliza, kwa sababu sheria hubadilika. Sasa niambie. Ile bastola unaihitaji?"

"Siihitaji," alisema. Macho yake yalijaa. "Namhitaji Denver. Yeye ndiye aliyeipanga ile droo, Arlene. Mikono yake mwenyewe. Nikiigusa nitakuwa nimemzika mara ya pili. Yeye alikaa nayo miaka yote, wala hakupata shida."

Nilitaka kumfokea. Kisha nikakumbuka kitu, na hasira ikaniisha yote.

"Wilda, Denver alipokuwa akifanya kazi reli, kule Cumberland, alikwendaje kazini?"

Alitabasamu katikati ya machozi. "Kwa miguu. Aliegesha pikapu hapa mwisho wa daraja, upande wetu, akavuka na kopo lake la chakula. Nilikuwa nasimama dirishani nikimtazama. Hata mvua inyeshe. Alipenda kutembea."

"Denver? Na magoti yale? Alichukia kutembea kuliko kitu chochote!"

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu bastola ilikuwa kwenye pikapu. Alikuja darasani kwangu, akaketi nyuma na pipi zake, akauliza maswali mpaka wenzake wakataka kumpiga. Akaniambia, 'Arlene, pikapu yangu haitavuka lile daraja.' Mlipokwenda Cumberland kununua vitu, mlikwenda na gari gani?"

Wilda alifikiri. "Langu. Lile dogo. Kila mara." Aliweka mkono mdomoni. "Nilikuwa nikimwita bahili. Nilidhani anaogopa kulipia maegesho."

"Pikapu ile imeanza kuvuka daraja baada ya yeye kufa. Ukitaka kuiacha kama alivyoiacha, usivuke nayo ikiwa na silaha."

Alilia sana, nami nikalia naye. Chapati zikapoa, tukazila hivyo hivyo na sharubati tamu ya utomvu wa mti.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda pamoja kwenye pikapu, ikiwa imesimama mbele ya nyumba yake. Niliifungua droo. Harufu ya mnanaa ikatupiga usoni. Bastola ilikuwa juu ya pipi. Niliitoa, nikaelekeza mdomo wake mahali salama, kidole mbali na kifyatulio. Nikaifungua nikazitoa risasi. Zote zilikuwemo. Nikamwonyesha Wilda matundu, moja baada ya jingine, ahakikishe kwa macho yake kwamba hakuna kitu.

Bastola tuliiweka chumbani kwake, ndani ya kasha la chuma lenye kufuli. Risasi tukazifungia kabati jingine. Ufunguo Wilda aliutia kwenye mkufu, ukaning'inia shingoni pamoja na pete ya Denver. Nyumba yake iko West Virginia, na bastola ni mali yake halali, hakuna wa kumwuliza. Taa ya nyuma nilibadilisha mwenyewe. Pipi tuliziacha palepale, na kofia pia.

"Nimeigusa droo," Wilda alisema, "na bado ni yake."

Ijumaa alinisihi niende naye shuleni. Nadhani aliogopa kukutana tena na yule askari. Tukavuka daraja la buluu. Katikati ya daraja Wilda alipunguza mwendo, akatazama njia ya waenda kwa miguu. Nilijua anamwona nani, na mimi pia nilimwona, na kopo lake la chakula.

Askari alikuwa palepale karibu na shule. Aliiona pikapu, akaitazama taa ya nyuma, akainua dole gumba. Wilda akampungia mkono kama malkia. Miezi mingi sikuwa nimemwona amekaa hivyo, mgongo wima, mabega yametulia.

Josie alitoka mbio, mkoba unamruka mgongoni. Akajibana katikati yetu.

"Bibi Arlene, umenenepa," alisema. "Sogea nipate nafasi."

"Na wewe umeanza kuwa na mdomo kama wangu," nikamjibu.

Kabla hatujaondoka, aliifungua droo ya dashibodi, haraka, bila kuomba, kama mtu anayefungua kabati la kwao. Mkono wake ukaingia. Kisha ukasimama.

"Bibi, imekwenda wapi ile ya Babu?"

Wilda aliushika usukani. "Ile ipi, kipenzi?"

"Ile nyeusi, nzito. Inakaa juu ya pipi." Josie alichukua pipi moja, akaimenya, akaitia mdomoni. "Mimi huwa naisukuma kando kwanza."

Wilda alizima gari, akamvuta mtoto kifuani, akamshika hivyo mpaka magari ya nyuma yakaanza kupiga honi.