Ukuta Usio na Matundu

Ndugu zangu, tulieni niwaeleze yaliyoifika nyumba ya Fundi Zege, mwashi wetu, pale chini ya mlima.

Alasiri moja mama yake alikuwa uani akimenya viazi. Mkwewe, mshonaji, mke wa Fundi, alipoingia, bibi akamtania, "Mwanafunzi huyo! Leo mmehesabu mawe mangapi?" Wakacheka wote.

Mshonaji alikuwa akisoma darasa la watu wazima, lile la kuujua mlima wetu: miti yake, chemchemi zake, na jinsi wazee walivyoishi nao. Fundi hakulikanyaga. "Nimezaliwa hapa," alisema. "Nifundishwe nini?" Nanyi mnaotikisa vichwa, wangapi mlihudhuria?

Nyuma ya chumba cha bibi, fundi alikuwa amejenga ukuta mrefu wa kuzuia udongo wa mlima. Mshonaji akaugusa, kicheko kikamwisha, akamwita mumewe.

"Baba watoto, ukuta umelowa. Wazee hawakuyaziba maji ya mlima, waliyaachia njia. Toboa matundu chini."

"Nitoboe ukuta huu? Wateja wanakuja kuutazama! Ukuta wenye matundu ni aibu ya fundi."

"Basi mama ahamie chumba cha mbele."

"Ahame, watu waseme siiamini kazi yangu?"

Bibi naye akamuunga mkono mwanawe. Mshonaji akaenda kwa shemeji zake, akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Wote wakamjibu kwamba hayo ni mambo ya mume na mke. Masikini, angefanya nini zaidi?

Mvua ikanyesha mfululizo. Asubuhi moja, bibi akiwa bado kitandani, ukuta ukalala juu ya chumba chake. Haukuvunjika. Ulianguka mzima, kama mlango.

Tulikimbilia pale na sururu na nyundo. Bibi alikuwa hai chini yake, tukimsikia. "Mwanangu, nitoe," alisema. Fundi akapiga nyundo mpaka viganja vikachubuka, zege lisibanduke. Saruji aliikoroga mwenyewe, na kwa mama yake hakufanya ubahili. Mshonaji alichimba kwa mikono akilia. Sisi wengine tulisukuma, tukachoka, tukatazamana. Sauti ikafifia, kisha ikanyamaza.

Mafunzo

Tumezoea kusema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini hapa aliyekataa kusikia anatembea kwa miguu yake miwili, na tuliyemzika ni mama yake. Kuzaliwa chini ya mlima si kuujua mlima. Mtu mzima naye asome, na aliyesoma asikilizwe, hata akiwa mke wako. Na nyinyi majirani, nyumba ikikaribia kuangukiwa, msiseme ni mambo ya mume na mke.

Darasa bado lipo. Fundi Zege hukaa kiti cha mbele, haulizi kitu. Viti vya nyuma yake ni vitupu.