Mgeni Aliyekula Mtandao

Jumatatu asubuhi Mwanaisha alifungua somo lake kwenye kompyuta, na uso wa mwalimu ukaganda katikati ya neno, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Akangoja. Chai ikapoa, uso haukusogea. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza, na nani angeogopa kitu kama hicho? Mtandao ukigoma, watu hutukana kampuni ya simu, hawasomi dua.

Alimpigia mdogo wake Sabiri, fundi wa mitandao pale Masuguru, Korogwe mjini. Ilikuwa miaka ile ambayo biashara ya simu ilishafunguliwa kwa kila mwenye mtaji na kila kilima kimeota mnara, na Sabiri alijiona daktari wa minara yote. Ruta ile, kisanduku cha kurushia mtandao, aliifunga yeye mwenyewe Jumapili, nyumbani kwa dada yake huko Hale. Mwanaisha alikuwa na mimba ya miezi saba, baada ya mbili kuharibika, na daktari alimpiga marufuku kusafiri kwenda chuoni. Mimba hii ikipotea, alimwambia, usitarajie nyingine. Ndiyo maana ikaletwa waifai, asome akiwa amenyoosha miguu.

"Izime, hesabu mpaka thelathini, halafu iwashe," Sabiri alisema.

"Nimeshafanya hivyo."

"Isikae chini, wala karibu na friji. Iweke juu ya kabati."

"Iko juu ya kabati, mdogo wangu. Imekufa hapa sebuleni tu. Chumbani inakwenda mbio. Na jana chumbani ndiko ilikokuwa imekufa."

Sabiri alicheka. Mtandao hauhamihami, alimwambia, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kesho angekuja mwenyewe aone alichokosea.

Jumanne saa nne alikuwa ameshafika. Shemeji yake Mbwana alikuwa amelala chumbani baada ya zamu ya usiku, kwa hiyo ndugu wawili walizungumza kwa sauti ya chini. Sabiri alisimama kando ya kabati. Simu ikasoma vijiti vinne vya mtandao na video zikafunguka bila kusita. Akaanza kutembea hatua kwa hatua, macho kwenye vijiti, kama afanyavyo kwa kila mteja. Alipofika mbele ya kiti cha Mbwana, vijiti vyote vikazimika. Alisogea hatua moja kushoto, vikarudi. Akasogea kulia, vikarudi.

"Mawimbi haya yanazuiwa na zege, na chuma, na kioo," alieleza, maana alipenda kueleza. "Lakini zaidi ya yote, maji. Hata mtu huyazuia. Mtu ni debe la maji linalotembea."

"Hapo hakuna mtu," Mwanaisha alinong'ona.

"Naona."

Alipima tena, juu na chini. Pengo lilikuwa na upana wa mabega; lilianzia sakafuni likaishia karibu na dari. Na pale penye pengo palinuka tope bichi la mtoni, katika sebule iliyodekiwa asubuhi ileile. Aliinama kufuta jasho. Alipoinua simu tena, vijiti vilikuwa vimerudi mbele ya kiti na kuzimika hatua mbili zaidi, mbele ya magoti ya dada yake.

Sabiri aliketi. Kila kifaa kinachotumia mtandao huacha alama kwenye orodha ya ruta, basi akaifungua orodha. Simu yake. Simu ya dada. Kompyuta. Cha nne hakikuwa na jina. Kiliingia Jumapili saa saba mchana, dakika ileile alipomaliza kufunga, na tangu hapo kilikuwa kinakula mtandao bila kupumua.

"Hatukuweka neno la siri," alisema.

"Niliona uchoyo kuwafungia majirani. Na wewe ukacheka, ukaupa jina."

Ni kweli alicheka. Jina la mtandao aliandika yeye, kwa kidole chake: KARIBU KWETU.

Akabonyeza pale pa kukitoa kile cha nne. Kibao kilichomjia hakukiona. Kilimpata shavuni, kikamtupa juu ya meza ya kioo, kioo kikapasuka chini yake, akatema damu na gego zima, na kabla hajajua juu ni wapi na chini ni wapi alimwona dada yake ameinuliwa kwa nywele kutoka kwenye kochi, vidole vya miguu vikigusa sakafu kidogo tu, mikono yote miwili imekumbatia tumbo badala ya kujitetea. Simu iliyoanguka chini, kioo chake kimezimika, ikasema kwa sauti nzito yenye mikwaruzo ya mtandao mbovu:

"Mmeniita. Nimekuja. Mnanitoa?"

Mbwana alitoka chumbani na shuka kiunoni. Hakuuliza. Aliona mke wake yuko hewani, akaona taa za ruta zinawaka, akachukua nyundo ya Sabiri akaivunja ruta vipande vipande, na pigo la mwisho lilipotua, mkono wake wa kulia ulikamatwa ukapindwa nyuma, taratibu, bila haraka yoyote, ukapita pale mkono unapokomea, mpaka mfupa ukalia kama kuni kavu na yeye akaanguka kwa magoti akiomba kwa lugha ya mama yake. Mwanaisha akaachiliwa. Alikimbilia mlangoni, akavutwa nyuma kwa nywele. Alijaribu dirisha, akavutwa tena. Ruta ilikuwa takataka sakafuni, na kwenye simu ya Sabiri mtandao uliendelea kusoma: KARIBU KWETU.

"Nenda," Mbwana alisema kwa meno yaliyofungwa. "Bi Tatu. Upande wa pili wa reli. Mimi sitoki hapa."

Sabiri alikimbia. Mlango haukumzuia, na jambo hilo lilimtisha kuliko kama ungemzuia.

Bi Tatu alikuwa mganga wa Kizigua kutoka Handeni, mzee mfupi asiye na meno ya mbele wala subira. Alimkuta akipeta mahindi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Damu utaifuta baadaye. Mlimwita nani?"

Alimweleza njiani, huku wakienda mbio. Bibi yule alisikiliza habari za ruta kama anayesikiliza habari za mbuzi, hakushangaa hata kidogo.

"Hilo karibu mlilisema mara ngapi?"

Sabiri alijua jibu, na kwa mara ya kwanza maishani alitamani asijue. "Mtandao hutangaza jina lake wenyewe, bibi. Mara kumi kila sekunde. Tangu Jumapili."

Bi Tatu alisimama. "Mwenye adabu hukaribishwa mara moja akaingia," alisema. "Huyo mmembembeleza kama mkwe."

Walipofika hakupiga hodi. Atakayeitikia simtaki, alisema. Alinusa mlangoni, akaona Mwanaisha ameketi pembeni, michirizi ya damu ikishuka kutoka kwenye nywele, Mbwana amejilaza mbele yake na mkono uliopinda vibaya. "Jini wa mtoni," alisema. "Mgeni aliyekaribishwa namna hii hapigwi, hatukanwi. Leo ni siku yake ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Basi wahenga walishamaliza. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Majini wavivu hawa. Akiliona jembe atajua anafukuzwa kwa heshima. Ampe aliyemwita."

Jembe lilikuwa nyuma ya jiko. Sabiri alizunguka nalo sebuleni, simu mkono mmoja, mpaka vijiti vikazimika. Harufu ya tope ilimziba pua. "Mgeni," alisema, "siku zako mbili zimekwisha. Shika jembe."

Likashikwa. Alihisi mpini ukitoka mkononi mwake, akaliona jembe likielea hewani, likigeuzwa huku na huku kama linakaguliwa, kisha likapita mlango wa chumbani na kutoweka. Harufu ikaisha. Mwanaisha alisimama, akaenda mpaka mlango wa nje, akagusa kizingiti kwa mguu mmoja, na hakuna aliyemvuta. Alilia kwa sauti. Sabiri naye alilia, hakuona aibu.

Ndipo wakasikia chumbani: ngh! Chuma kikivunja saruji. Ngh! Ngh!

Bi Tatu aligeuka polepole. "Shamba ulimwonyesha lipi?"

"Shamba?"

"Mtu hupewa jembe akaonyeshwa shamba! Nani asiyejua hilo? Ukimpa jembe bila shamba, atalima alipolala!"

Sabiri hakujua. Alizaliwa mjini, akakulia mjini, hajawahi kumwonyesha mtu shamba wala kuonyeshwa. Na wakati bado mdomo wake uko wazi, Mwanaisha alinyakuliwa miguu pale kizingitini, akaburutwa chali sebule nzima juu ya vioo vya meza, akipita kando ya mumewe ambaye alimdaka kwa mkono mzima na kuburutwa pamoja naye mpaka akagonga fremu ya mlango na kuachia, na Sabiri alikimbia nyuma yao akaingia chumbani akakuta kitanda kimetupwa ukutani, saruji imefumuliwa, udongo mwekundu umelundikana, shimo refu la kumtosha mtu, na dada yake ukingoni, amebanwa chini na kitu kizito, jembe limeinuliwa juu ya tumbo lake kama mkulima anavyolenga ardhi iliyoiva.

"Siyo huyu!" Sabiri alipiga kelele. Alijitupa juu ya dada yake, akararua shati lake mwenyewe. "Shamba lako ni hili! Mimi ndiye niliyekuita, lima hapa! Lima mgongo huu, mwache mwenye mimba!"

Jembe lilisita. Alilihisi likishushwa, ubaridi wa chuma ukipita kwenye uti wake kutoka shingoni hadi kiunoni, ukipima. Kisha likapanda, likashuka.

Hakufa. Mwenye shamba haliui shamba. Walimshona hospitali siku hiyohiyo, wakamfunga Mbwana mkono, na Mwanaisha akajifungua miezi miwili baadaye, mtoto wa kike, mzima, mwenye mapafu ya kusikika mpaka relini. Jina akapewa la Bi Tatu. Sabiri alimbeba kwa dakika moja tu, akaomba wamchukue, maana saa saba ilikuwa inakaribia.

Kila siku ifikapo saa saba mchana alihisi jembe. Hakuwa akiliona, wala mtu mwingine. Alikuwa akilala kifudifudi popote alipo, anauma kitambaa, na likimaliza anakuta mstari mmoja mpya mgongoni, umechimbuka na kufungika palepale, bila tone la damu. Kazi aliacha, akahamia kwa dada yake. Dada yake alimpaka mafuta ya nazi jioni na kulia bila sauti, na Sabiri alimwambia asilie, kwamba angefanya hivyohivyo tena, na alisema kweli.

Siku moja saa saba ilipita na jembe halikuja. Alingoja mpaka alasiri, akavuka reli kwa furaha ya mtu aliyefunguliwa minyororo, akampa Bi Tatu mgongo wake auangalie. Bibi alipitisha vidole, mstari kwa mstari, akihesabu kwa Kizigua.

"Matuta yamenyooka," alisema. "Huyu ni mkulima hasa."

"Basi amemaliza, bibi?"

"Kulima amemaliza."

Sabiri alitaka kuuliza kilichobaki. Tone la kwanza la masika likapiga bati, likafuata la pili, kisha mvua yote ikamwagika kwa pamoja, na chini ya ngozi yake, katika kila tuta kwa wakati mmoja, kitu kidogo kama mbegu kikajigeuza.