Msalaba Wenye Duara

"Wifi, nimekuja uniambie ana kwa ana kwamba humtaki kaka yangu."

Ruthi aliinua uso. Soila alikuwa amesimama mlangoni, vumbi la Handeni bado limemganda miguuni. Ng'ambo ya pazia, sebuleni, Bernardo na wazee wake walikuwa wameshakaa. Walikuja kumposa Ruthi.

"Kaka yako ndiye aliyeniacha," Ruthi akajibu taratibu. "Kamuulize yeye."

Shangazi Hosiana, aliyekuwa akimfunga Ruthi kilemba, aliacha mikono ikaning'inia hewani.

Ruthi alikuwa sonara pale Korogwe mjini, kazi aliyofundishwa na marehemu baba yake. Mpenzi wake Mepukori, kijana wa Kimaasai kutoka Sindeni, alikwenda Ayalandi kusomea mifugo. Huko, kando ya malisho, akakutana na misalaba ya mawe mirefu kuliko mtu, iliyochongwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Akawa anaipiga picha na kumtumia Ruthi.

"Tazama hilo duara linavyoishika mikono ya msalaba," alimwandikia siku moja. "Na hapo chini ni Danieli na simba wake. Wasiojua kusoma walikuwa wanasimuliwa Biblia kwa picha hizi. Nichongee mmoja mdogo, wa kuvaa."

Ruthi akauchonga. Msalaba wa madini ya fedha, Danieli katikati ya simba, na duara akalizungushia shanga za Kimaasai. Walioona wakataka. Bernardo, jirani yake wa duka, akajitolea kuvitangaza vidani hivyo mtandaoni, na muda si mrefu wasafiri wanaoshuka kwenye mabasi pale Mombo wakawa wanaviulizia.

Halafu Mepukori akanyamaza. Ruthi aliandika, akapiga, akalia, akachoka. Bernardo alikuwepo kila alipolia. Mwishowe akasema anataka kuoa.

"Kama aliyeacha ni kaka yangu, hii ni nini?" Soila akamnyooshea simu. Ilikuwa picha ya ujumbe alioupokea Mepukori:

"Nimepata mtu wa hapa hapa. Usinitafute tena. Hayo mawe yako baki nayo huko huko."

Ruthi aliusoma, akaurudia.

"Namba ni yangu," alisema. "Maneno si yangu."

"Simu yako nani mwingine anaishika?"

Ruthi akakaa kitandani. "Bernardo. Huwa nampa apandishe picha za vidani."

Soila akaichukua simu ya Ruthi, akabonyeza hapa na pale, uso ukabadilika.

"Jina la kaka lipo, lakini namba hii siyo yake. Na yake halisi imezuiwa. Wifi, ulikuwa unamlilia mtu asiyekuwepo."

Hakusubiri kuambiwa. Akampigia Mepukori kwa simu yake mwenyewe, akaweka sauti kubwa.

"Soila, nilikukataza kwenda huko," sauti ikasema.

"Mepukori," Ruthi akaita.

"Nasikia unaposwa leo," Mepukori akasema.

"Ule ujumbe sikuuandika mimi. Na vyangu havikukufikia. Uko wapi?"

"Handeni. Nimerudi juzi."

"Bado unanitaka?"

"Ruthi, mimi sijawahi kuacha."

"Basi usikate simu."

Ruthi akafungua pazia, simu ya Soila mkononi. Shangazi alijaribu kumshika nguo, akaamua kumfuata.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba, mwanetu," akaitikia Mzee Mdoe, mjomba wake Bernardo.

"Kabla sijajibu posa, naomba kumuuliza Bernardo. Namba ya Mepukori kwenye simu yangu nani aliibadilisha?"

Bernardo akatabasamu kwa shida. "Ruthi, leo si siku ya mambo hayo."

"Ndiyo siku yake hasa."

Wazee wakamgeukia. Alijifuta jasho.

"Nilifanya kwa sababu nakupenda. Yule yuko mbali. Mimi ndiye niliyekuuzia vidani vyako, mimi ndiye niliyekaa na wewe."

"Ulikaa na machozi uliyoyaleta mwenyewe," Ruthi alisema. Sauti haikupanda hata kidogo. "Ukamwambia ninayempenda kwamba simtaki, ukatumia jina langu. Nikiolewa na wewe, nitakuwa nasema lini mimi mwenyewe? Posa yenu naikataa, wazee wangu. Nyinyi sina ugomvi nanyi."

Mzee Mdoe aliichukua kofia yake. "Tusamehe, binti. Hatukujua." Kisha akamgeukia mpwa wake. "Inuka. Aibu uliyotupa inatosha."

Walipotoka, sauti ikasikika kwenye simu.

"Ruthi, nakuja na wazee wangu."

"Mwambie awahi," Shangazi Hosiana akadakia. "Pilau la wageni lipo jikoni na walaji wameondoka."

Mepukori aliwahi.

Ndoa ilifungwa Handeni, baada ya mavuno. Kufikia siku hiyo Ruthi alikuwa na duka lenye jina lake mlangoni, akitangaza kazi yake mwenyewe. Aliingia kanisani na msalaba wa fedha kifuani juu ya shanga pana alizotungiwa na mama mkwe wake, Mama Nkoile. Wamaasai walirukaruka, Wasambaa wa kwao Ruthi wakapiga vigelegele, hata mchungaji akashindwa kuanza kwa wakati.

Nje ya kanisa wanawake walimzunguka bibi harusi, kila mmoja akigusa kidani na kuuliza atapataje cha kwake. Mama Nkoile akapenya katikati yao, akamshika Ruthi mkono.

"Huyu ni mkwe wangu, na sasa ni mwanangu," alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Ndiye anayevichonga. Anayetaka asubiri, leo mwanangu anaolewa."