Kioo Kilichorudishwa Vibaya

Virginie alirudi kutoka chuoni anakofundisha akakuta mlango wa vioo wa sebuleni uko wazi, na chumba kizima kinanuka mafuta ya ng'ombe. Nyumbani kwao Muhumba hakuna aliyejipaka mafuta hayo tangu walipomzika mama mkwe wake.

"Wewe ndiye ulifungua hapa?" alimuuliza mumewe, Modeste.

"Hapana. Labda ni mupepo."

"Mupepo inasukuma kioo nzito vile? Iko na mikono?"

Modeste alicheka, lakini kicheko cha kujilazimisha.

Mlango ule ndio aliokuwa Virginie akijivunia kwa wageni: vioo viwili virefu, kila kimoja kwenye reli yake, na Ziwa Kivu lote mbele ya macho. Kioo kimoja husimama, kingine husukumwa. Mama yake Modeste, Koko Constance, alipoletwa mgonjwa kutoka Mudaka, alitandikiwa kitanda karibu na mlango huo. Kutwa alimshika mkono Bintu, mjukuu wake wa miaka mitatu. Mkono wa kulia wa Koko haukuwa na kidole cha shahada, mundu ulikikata zamani. "Sitaenda bila huyu mutoto yangu," alikuwa akisema, na watu wakitabasamu. Maneno ya mgonjwa, nani ayatie moyoni?

Siku ya mazishi jeneza lilikataa kupinda kwenye korido. Modeste na ndugu zake wakang'oa vioo vyote viwili, na saa kumi alasiri Koko akatolewa kwa upande wa ziwa. Kuvirudisha ikawa mbio mbio, huku nyimbo, huku kilio, kila shemeji akijifanya fundi.

Tangu hapo, kila saa kumi, mlango ulifunguka. Na kila ulipofunguka Bintu aliamka usingizini, akainua mikono juu ili abebwe, akicheka. Jioni homa ikampanda. Alikuwa amekonda hadi shingo imebaki kama ya kifaranga. Virginie alijua anayeondoka pale ni mwanawe, kidogo kidogo, na aliogopa hadi chakula kikamshinda.

Mvua ndiyo iliyomfumbua macho. Maji yaliingia hadi kwenye zulia, akainama kufuta, akaziona reli.

"Modeste, angalia. Kioo ya kusukuma ilikuwa kwa reli ya ndani. Muliirudisha kwa inje. Serrure, kufuli yake, haikamate kitu."

"Kwa hiyo mutu yeyote anaweza kufungua akiwa inje?"

"Mutu," alinong'ona Virginie, "ao muzimu."

Kesho yake walimwita Papa Alphonse, katekista wa parokia, aombe wakati Modeste anabadilisha vioo. Alichelewa kwa matope ya barabara, akaanza sala saa kumi ikigonga, na kabla hajamaliza kunyunyiza maji ya baraka reli ikalia kwaaa, kioo kikasogea chenyewe taratibu, harufu ya mafuta ya ng'ombe ikaingia nzito, ikampita katekista aliyesahau maneno, ikampita Virginie ikiacha baridi shavuni mwake, na Modeste, jasho likimtiririka, akaking'oa kile kioo kwa nguvu asizozijua, akakipachika reli ya ndani, akatoa cha pili akakisimamisha nje, akasukuma, akafunga.

Serrure ikashika. Ko!

"Asante, Yezu," alisema Papa Alphonse.

Virginie alilia kwa furaha. Bintu alikuwa amelala kwenye kochi, paji lake la uso limepoa. Wakamsindikiza katekista hadi getini, wakishukuru mara nyingi kupita kiasi.

Waliporudi, Virginie aliona alama ya kiganja kwenye kioo, kwenye ukungu wa mvua. Vidole vitatu na gumba. Alitoka kwa mlango wa mbele akazunguka, akaifuta kwa nje, akaifuta tena. Haikutoka.

Akarudi ndani, akapitisha kitambaa mara moja tu, alama ikaisha.

"Modeste," alisema. "Ulifunga wakati Koko iko wapi?"

Modeste alikuwa anatazama kochi. Bintu ameamka, anacheka, mikono yake miwili juu, na nywele zake, polepole, zilikuwa zinapapaswa.