Banasema Anakaa Mtaa Gani?

Kila asubuhi kabla ya shule, mimi na mama tulikuwa tukitandaza ndagala, dagaa wetu, kwenye mchanga wa ziwa kijijini kwetu Kajaga, kufukuza kunguru na kusikiliza redio. Mwaka ule wa 2003, vita vikiendelea, hakuna aliyetoka nyumbani bila kusikiliza redio kwanza. Ndiyo iliyotuambia kama barabara ya kwenda mjini iko wazi au kuna risasi.

Jumanne moja nikasikia sauti ninayoijua. Alikuwa Kaka Jovithe, jirani yetu, aliyechaguliwa kufundishwa uandishi wa habari ili vijiji vyetu navyo visikike. Nikamwita mama mbio. Jovithe wetu yuko redioni!

“Huko mtaa wa Carama watu sita wanaumwa matumbo,” alisema Jovithe. “Banasema ndagala za Kajaga zina sumu.”

Wanasema, basi! Akaendelea na habari za mvua, kana kwamba hakusema kitu.

Siku hiyo sokoni mama hakuuza hata kikombe kimoja. Mwanamke aliyekuwa mteja wake tangu sijazaliwa alipiga teke beseni, ndagala zote zikamwagika matopeni. “Muuaji!” alipiga kelele. Wakati wa vita, neno hilo si la mchezo. Kuna waliochomewa nyumba kwa jambo dogo kuliko hilo. Mama alirudi na kitenge kimechanika, akafunga mlango mchana kweupe na kukaa sakafuni.

Damu ilinichemka. Mama yangu, anayeosha ndagala mara tatu, aitwe muuza sumu! Kesho yake sikwenda shule. Mchuuzi wa mihogo alinipakia kwenye baiskeli yake hadi mjini, nikaenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa mafunzo ya kina Jovithe. Hodi sikupiga. Ndani kulikuwa na wakulima, wavuvi na walimu wa vijijini, kila mmoja na daftari lake.

“Kaka Jovithe, we ni mutu gani?” nilifoka. “Mama anaitwa muuaji kwa sababu yako! Nani alikwambia ndagala zina sumu?”

Jovithe aliinama. “Mi nilisikia tu, Dative. Banasema…”

Madamu Nafisa, mkufunzi wao, aligonga meza kwa kiganja. “Banasema! Wiki mbili nzima nawafundisha, na bado banasema! Huyo Bwana Banasema anakaa mtaa gani? Ulimuuliza jina? Muuguzi ulimuuliza?”

“Apana, Madamu.”

“Basi hukuleta habari, Jovithe. Umemtupia mama wa watu moto juu ya paa!”

Nilifurahi sana. Nikaona nimmalize kabisa. “Tena Madamu, banasema wauza nyama walimpa rushwa ili awaharibie wauza samaki!”

Madamu Nafisa akanigeukia taratibu. “Na wewe, binti yangu? Nani anasema?”

Hakuna aliyesema. Habari hiyo nilikuwa nimeitunga mwenyewe jana yake bombani kwetu Kajaga, kwa hasira, nikawaambia wenzangu wanne. Uso uliniwaka kwa aibu. Hasira nilikuwa nayo bado, ila sikujua tena nimkasirikie nani.

“Chukua kinasa sauti,” Madamu Nafisa alimwambia Jovithe. “Nenda Carama ukaulize. Na huyu aende, aone kazi hii inavyofanywa.”

Kwenye zahanati ya Carama muuguzi aitwaye Laure alitufokea sote wawili. “Leo ndiyo mnakuja kuuliza? Mungewahi jana, kabla ya kutangaza!” Kisha akafungua kitabu chake cha wagonjwa. Mabomba ya Carama yalikuwa yamekauka siku tisa. Wote sita walikunywa maji ya mtaroni bila kuyachemsha, na wawili kati yao hawakuwa wameonja ndagala mwezi mzima. Jovithe aliandika jina la muuguzi, tarehe na idadi, akamsomea yote tena mpaka Laure akaitikia kwa kichwa.

Asubuhi iliyofuata sauti yake ilisikika tena. “Mimi Jovithe wa Kajaga nilikosea. Nilitangaza jambo ambalo sikulihakikisha.” Akamtaja muuguzi, akaeleza habari ya maji, akawaomba watu wachemshe.

Siku hiyo nayo sikwenda shule, nilimsindikiza mama sokoni. Kufikia saa nne wateja walianza kurudi. Hata yule wa teke alikuja. Alinunua bila kusema pole! Nilimkazia macho, lakini mama akampimia kama kawaida.

Nilidhani yamekwisha. Thubutu! Mama alikuwa amepata habari kwamba mdogo wa Jovithe alisukumwa bombani hadi ndoo yake ikapasuka, akiambiwa kaka yake ni mla rushwa. Tena aliambiwa kwamba maneno hayo yalianzia kwangu. Akaniita.

“Maneno ya rushwa uliwaambia wangapi?”

“Wanne, Mama.”

“Na hao wanne waliwaambia wangapi?”

Nilianza kuhesabu kwa vidole, nikaacha.

“Jovithe alinikosea mimi,” mama alisema kwa hasira. “Lakini alisimama mbele ya nchi nzima akataja jina lake. Yeye ana redio. We hauna redio, Dative. Una miguu. Simama!”

Tulipita nyumba kwa nyumba, mama nyuma yangu. “Ile habari ya rushwa si kweli. Niliitunga mimi.” Wengine walinicheka, wengine walinitukana. Mama yake Jovithe alinifungia mlango. Mwisho tulifika kwa Mama Bahizire, ambaye mimi sikuwahi kumwambia lolote.

“Ala! Kumbe ni uongo?” alishangaa. “Mume wangu ameshaondoka leo asubuhi na meli ya Kigoma. Mi ndiye niliyemusimulia.”

Niliangalia ziwa. Machozi yalinitoka, nikamuuliza mama sasa tutafanya nini.

“Hakuna la kufanya,” mama alinijibu. “Hapo ndipo miguu yako imeishia. Ndiyo maana mutu anauliza kabla ya kusema. Akishasema, ukweli utalifuata lile neno, lakini si kila mahali utalikuta.”